Siku yangu na msumeno wa meza: leo tunachonga kibao cha mdomo

Saa 1 asubuhi. Kazi ya leo ni milango ya kabati, plaiwudi ya milimita 18 iliyovikwa vinia, lile tabaka jembamba la mbao nzuri. Vinia za siku hizi hazifiki hata milimita moja, kwa hiyo ukingo ukichanika hakuna msasa utakaouokoa.

Saa 1 na nusu. Nakata kipande cha mabaki kukatisha nyuzi. Juu safi, chini manyoya matupu. Ndivyo msumeno wa meza ulivyo: meno hushuka upande wa mbele na kusukuma nyuzi za chini nje. Bamba la kiwandani, kile kifuniko cha mdomo wa meza ambamo bledi (diski ya meno) hutokea, lina uwazi mpana ili bledi iweze kulala hadi digrii 45, hivyo nyuzi zile hazina pa kuegemea. Wengi hukimbilia kununua bledi ya bei. Mimi naanza na kibao cha mdomo, yaani bamba la kujichongea lenye ufa ulio sawa na unene wa bledi, basi.

Saa 2. Nabandika bamba la kiwandani juu ya plaiwudi ngumu kwa tepu ya pande mbili, nalifuatisha kwa ruta (mashine ya kuchonga kingo) yenye biti ya beringi inayofuata umbo la bamba. Sehemu inayochosha ni usawa. Kibao kikiinuka kidogo mbele, ubao unagota. Kikizama, kipande chembamba kinadumbukia. Skrubu nne ndogo zilizopenya pembeni zinamaliza ubishi: nazikaza na kuzilegeza huku rula imelala juu ya meza.

Saa 3. Ufa wenyewe. Kwenye misumeno mingi, bledi ya inchi 10 hata ikishushwa mwisho bado inagusa kibao kinene, kwa hiyo natoboa mfereji upande wa chini kwanza. Kisha naweka kibao, nakikandamiza kwa fensi (reli ya kuongozea ubao) iliyokaa pembeni, mbali kabisa na njia ya bledi, nawasha, napandisha polepole. Mkono haushiki kibao, hata kwa sekunde moja.

Narefusha ufa nyuma ili kile kibamba kinachozuia mkato usijifunge kipate nafasi. Wapo wanaokivua kwa sababu ya uvivu wa kurefusha ufa. Ubao ukirushwa kifuani ndipo wanakikumbuka.

Saa 4 hadi saa 7. Kukata tu. Upande wa chini unatoka kama umepigwa randa, na vijiti vyembamba havidumbukii tena kando ya bledi. Ila kibao kinaokoa chini peke yake: ukingo wa mwisho, meno yanapotokea nyuma ya ubao, unahitaji kipande cha kuegemea kwenye geji ya kusukumia ubao. Vumbi nalo linabaki juu zaidi maana halina uwazi wa kushukia. Barakoa haivuliwi.

Saa 8 mchana. Mikato ya digrii 45. Navua kibao, bledi ikilazwa ndani yake itapanua ufa na kazi yote ya asubuhi imepotea. Hata bledi nyembamba ya milimita 2.4 ina kibao chake, tofauti na cha bledi ya 3.2. Naandika kipimo mgongoni kwa kalamu nene, kwa sababu ukutani vyote vinafanana.

Saa 10 jioni. Fremu ni za msumeno wa pembe, ule unaoshushwa juu ya ubao, nao una pengo lilelile. Huko sihitaji ruta: karatasi ya plaiwudi chini, nyingine kwenye fensi, skrubu, mkato mmoja, naendelea.