Ngao 21 na ukungu mweupe: kikosi changu cha Saga, wiki ya sita

Ngao zangu zimepona! Nyeusi imerudi kuwa nyeusi. Ni saa saba usiku, vidole vinanuka vanishi, na kesho kazini nitasinzia, lakini silali kabla sijaandika.

Kwa wasioijua, Saga ni mchezo wa vita wa mezani unaochezwa kwa vijisanamu. Kikosi changu cha Waviking ni kile kile cha pointi 4 (pointi ndizo hupima ukubwa wa kikosi): jemadari, walinzi wake 4, maberserka 4 (wale wenye kichaa cha vita) na wapiganaji 16. Jumla 25, wote vijisanamu vya plastiki, kimo milimita 28 hivi. Ukiwatoa maberserka, wasiobeba ngao, zinabaki ngao 21. Hizo ndizo zilizonitoa jasho.

Nilitaka nizipake kama za meli ya Gokstad, ile iliyofukuliwa Norwei mwaka 1880 ikiwa na ngao 64, 32 kila ubavu, njano na nyeusi zikipishana. Hakuna joka wala kunguru, rangi tupu. Nikajua nimejipunguzia kazi. Kumbe nyeusi tupu haina pa kuficha kitu.

Jumamosi ile hapa York, Uingereza, ilinyesha tangu alfajiri. Nikasema dakika mbili tu, nikatoka na kopo la spreyi ya vanishi isiyong'aa hadi mlangoni mwa kibanda cha bustani, nikapuliza, nikarudi kunywa chai. Niliporudi nikadhani macho yana matatizo. Ngao nyeusi zote zilikuwa na utando mweupe, kama sufuria iliyopitiwa na majivu. Nguo, ndevu, mikuki, kila kitu kimepauka. Za njano zilijistahi kidogo, ila nyeusi zilitia aibu.

Kosa langu, najua. Hewa ilijaa unyevu, kopo nililitikisa kivivu, na nilipuliza kwa mbali mno, matone yakaanza kukauka kabla hayajafika. Vanishi ya namna hii ina unga laini unaoua mng'ao, na unga huo usipochanganyika vizuri hutua kama vumbi. Nimewahi kumweleza mtu haya yote kwa sauti ya mwalimu. Haya.

Kwanza nikapuliza tena kopo lile lile, eti tabaka la pili litafunika la kwanza. Usicheke. Likawa jeupe maradufu. Kisha nikasugua kwa mswaki mkavu: ukungu ukabaki, ila mkono wa mlinzi mmoja ukabanduka rangi hadi kwenye praima, ile rangi ya kwanza ya chini.

Halafu nikakumbuka ujanja wa mafuta ya zeituni, kwamba yanajaza vile vikwaruzo visivyoonekana na rangi inarudi. Zeituni sikuwa nayo. Nilikuwa na chupa ya mafuta ya nazi kutoka kwa mama, Tanga. Nikayayeyusha kiganjani, nikagusa ngao moja kwa ncha ya brashi, na weusi ukajitokeza pale pale, unameremeta kama jicho la mbuzi. Nikapaka zote. Nikampigia mama kumshukuru. Akaniuliza kama hao wanasesere wanalipa kodi.

Asubuhi jiko lilikuwa la baridi, na mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Ngao zote nyeupe tena, safari hii na uto juu. Jumapili nzima nikawaogesha Waviking kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, mmoja mmoja, kama watoto wa chekechea.

Kilichofanya kazi ni kitu cha kijinga kabisa: vanishi ya kung'aa, ya akriliki, kwa brashi. Tabaka moja tu na ukungu ukayeyuka mbele ya macho yangu. Nikaacha ikauke siku nzima, kikosi kikiwa kinang'aa kama peremende, kisha nikapaka ile isiyong'aa, nayo kwa brashi, nyembamba, mara mbili. Hakuna tone linalokaukia hewani, basi mvua inyeshe itakavyo.

Na tafadhali, brashi ya manyoya mazuri usiitie kwenye vanishi. Nunua ile pana ya nailoni ya watoto wa shule, ichakae, uitupe. Pesa yako iweke kwenye brashi moja nzuri ya kuchorea macho na nyusi za vijisanamu. Paleti ya maji, ile inayozuia rangi zisikauke, sijawahi kununua: bakuli la chakula lenye kifuniko, sponji na karatasi ya kuokea vinatosha.

Zamu ilikuwa ya wapiga upinde 12, wapo bado kwenye fremu ya plastiki, hawajakatwa wala kuunganishwa. Watangoja. Kijiji cha Stamford Bridge, palipopiganwa vita (si uwanja wa mpira), si mbali na hapa, na tangu Jumatatu namuwaza yule Mviking mwenye shoka anayesimuliwa kuwazuia Waingereza peke yake darajani, tarehe 25 Septemba 1066, hadi akachomwa mkuki kutoka chini. Nimekusanya vijiti vya aiskrimu 40 na nimeanza kukata mbao za daraja. Upana sentimita 3. Kitako cha kijisanamu ni milimita 25, kwa hiyo anapita mmoja tu, na berserka wangu mwenye shoka keshasimama katikati, gundi bado mbichi.