Niliambiwa nizime kitaa cha meseji, kumbe chaji inaliwa kwingine

Jamani hii habari ya "zima hicho kitaa, ndo kinanyonya chaji" iishe, yaani kile kitaa kidogo juu ya kioo cha simu kinachopepesa ukiwa na meseji au misikoli. Fundi aliniambia hivyo, nikamwachia kama elfu tano ya kuangalia simu (Galaxy S5, betri ya miliampia-saa 2800, ndo kipimo cha chaji inayobeba), nikazima, na wiki hiyohiyo simu ikaanza kuzimika saa tisa mchana wakati mwanzo ilikuwa inanifikisha mpaka magharibi.

Kipindi hicho mama kalazwa Tanga, mdogo wangu ndo anamuuguza, mimi niko huku milimani Lushoto nasubiri taarifa. Kitaa kikiwepo natupia jicho, nikiona hakipepesi naendelea na kazi zangu. Kimezimwa, basi kila baada ya dakika mbili nawasha kioo, na kioo ndo mlaji mkubwa, kile kinakula miliampia mia kadhaa!

Nikasema ngoja nipime mwenyewe. Usiku wa kwanza nimechaji mpaka 100, mke wangu akanibipu, ile misikoli sikuifungua, nikaweka alama ya ndege ili simu ikate mtandao, kitaa cha bluu kikapepesa mpaka asubuhi. Nakuta 98. Usiku wa pili kila kitu vilevile ila kitaa nimezima: 98. Nilifurahi mno aisee, nikamwamsha mke wangu kumwonyesha. Na hesabu inakubali, taa kama ile ikiwaka inakula miliampia chache tu, tuseme 5, hata ingewaka masaa 24 bila kupumzika ni 120 kati ya 2800, haifiki asilimia tano, sasa hii inawaka kidogo inazima, inawaka inazima.

Usiku wa tatu nikatoa alama ya ndege, kitaa bado kimezimwa, simu nikaiweka palepale chumbani kwetu ambako ukuta umeegemea mlima na mtandao unasoma kijiti kimoja, mara hakuna. Asubuhi 74! Hapo ndo nikamjua mwizi. Simu isipoupata mnara vizuri inautafuta usiku kucha, na inaongeza nguvu ya kurusha ili isikike huko mbali. Nikaihamishia dirisha la upande wa barabarani, vijiti vitatu, nikaamka na 93. Nikatoa na 4G, maana huku kwetu inakuja na kupotea, ikatulia zaidi.

Wenye simu mpya zisizo na kitaa, mkiweka zile programu za kuwasha nukta kwenye kioo muwe makini, pale kioo na prosesa (ubongo wa simu) havilali sawasawa, ulaji wake hauko sawa na kitaa chenyewe.

Changu nimekirudisha. Alfajiri mama aliporuhusiwa, niliona bluu inapepesa dirishani nikiwa bado nimejifunika shuka.