Jina la Mipigo Sita

Mwalimu aliniuliza jina langu lina maana gani. Ilikuwa Septemba 2014, wiki yangu ya pili ya kusoma Kichina mjini Xi'an, China, na wenzangu wote walikuwa wameshapewa majina yanayofanana kwa sauti na ya kwao. Nikamweleza kuwa mama alishikwa na uchungu siku mbili, na nilipotoka bibi akasema, "Huyu kaja salama, aitwe hivyo hivyo."

Mwalimu akachukua chaki, akaandika herufi 安.

"An. Huu ndio ukoo wako."

Kisha akaichora ilivyokuwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, ilipochongwa kwenye magamba ya kobe na mifupa ya ng'ombe: nyumba yenye paa lililochongoka, ndani yake mwanamke amepiga magoti. Maana yake utulivu, usalama. Moyo wangu ukakataa. Nimetoka Tanga kuja kusomea uhandisi, halafu jina linirudishe ndani nikapige magoti? Nilimwambia hivyo hivyo, kwa Kichina cha kuokoteza.

Hakukasirika. Alisema enzi zile kupiga magoti ndiko kukaa kwenyewe, wanaume kwa wanawake. Huyo amepumzika tu. Herufi hiyo imo katika jina la Xi'an, na ilikuwemo pia mji ulipokuwa ukiitwa Chang'an, "amani ya kudumu". Halafu akanieleza jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nafurahi: ukoo wa An waliubeba wageni. Mtawa wa Kibudha An Shigao alitoka Parthia, dola ya kale ya upande wa Iran ya leo, akafika mji wa Luoyang, China, mwaka 148, akatafsiri maandiko ya dini yake kwa Kichina. Baadaye wakaja watu wa Bukhara, mji ulioko Uzbekistan ya leo, nao wakaitwa An.

Usiku ule niliandika herufi hiyo nikajaza kurasa mbili. Mipigo sita ya kalamu, mitatu ya paa, mitatu ya mwanamke, na mstari mrefu wa kulala unakuja mwisho kabisa. Mimi nilikuwa nikiutanguliza, ndiyo maana mwanamke wangu alikuwa akipinda. Nilipompata aliyenyooka nikampiga picha, nikamtumia mama.

Akapiga simu papo hapo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii nyumba uliyochora, mbona haina mlango?"

Nikaitazama karatasi.

"Haina hata ukuta, mama. Siku hizi wanaandika paa tu."