Siku moja maishani mwangu: mpimaji wa riale za fedha Mji Mkongwe

Saa mbili asubuhi nilikuwa nimeshafungua duka, nimefagia kibaraza na kuwasha taa ya mezani. Kazi ya kwanza kila siku ni kutazama bei ya madini ya fedha duniani, kuigeuza kwa shilingi na kuandika bei ya gramu moja ya fedha safi kwenye karatasi. Naibandika ukutani, pale mteja atakapoiona kabla hajaniona mimi. Mtu akijua gramu inauzwaje leo, ana pa kusimama anapobishana nami.

Mimi ni binti wa sonara. Baba alifua vidani na vikuku, mimi nikavutwa na sarafu zilizokuwa zikiletwa kwake kuyeyushwa. Wengi wakisikia napima sarafu za kale hudhani nimelalia hazina, au kwamba kazi yangu ni kuwapunja wazee. Vyombo vyangu vyote vinaenea kwenye sinia moja: mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, kioo kinachokuza mara kumi, kipimo cha upana, sumaku, glasi ya maji na uzi mwembamba.

Hadi saa nne nilipiga picha za sarafu mbili za mnunuzi wa Maskati, nikamrudishia kijana mmoja pesa zake za shaba za Sayyid Barghash, sultani wa zamani wa Zanzibar, zile zenye mizani upande mmoja. Zipo nyingi mno, hazimfikishi mtu mbali.

Saa nne akaja bi mkubwa mmoja na mjukuu wake, amefunga kitu kwenye ncha ya kanga. Kilikuwa kidani cha bibi yake: riale tano za Maria Theresa, yaani sarafu za fedha zenye sura ya malkia wa Austria wa jina hilo, kila moja imelehemiwa kikonyo cha fedha juu. Alitaka kujua thamani yake ili awagawie wanawe bila ugomvi. Kwa mkusanyaji wa sarafu, riale iliyolehemiwa imeshaharibika. Moto umeondoa mng'aro wake, na hata kikonyo kikitolewa kovu linabaki ukingoni. Lakini kile hakikuwa fungu la sarafu. Kilikuwa pambo kamili, na fundi aliyekifanya alijua kazi. Nikamwambia, "Bi mkubwa, ukizitenganisha hizi unauza fedha ya kuyeyusha. Ukiziacha pamoja unauza kidani." Nikamwandikia uzito wa kila moja na bei zote mbili, ya fedha na ya pambo, nikatia saini. Akasema basi atamwachia mmoja, wengine atawapa kitu kingine. Sikununua kitu, na nilifurahi kuliko ningenunua.

Saa sita kasorobo akaingia baba mmoja wa makamo, ameshika simu mkono mmoja na kitambaa cheupe mkono wa pili. Nilimkaribisha kiti, nikamwuliza habari za nyumbani. Akafunua kitambaa. Riale moja, inameta hadi inaumiza macho.

"Dada, hii ni ya mwaka 1780. Nimeona video, mtu kauza kama hii kwa milioni arobaini."

Nikamwuliza kwa upole ameiosha na nini. Ndimu na jivu, halafu dawa ya meno, ili ipendeze mbele ya mnunuzi. Nilihisi kama nimechomwa. Sarafu iliyotoka kiwandani ina mng'aro wake wa asili, ukiigeuza chini ya taa unaona mwanga unatembea juu yake kama upepo juu ya mpunga. Ikisuguliwa, mwanga ule hufa. Inabaki kung'aa kote sawasawa, na kioo kinaonyesha mikwaruzo myembamba maelfu, yote ikielekea upande uliosuguliwa. Hakuna dawa ya kuurudisha.

Hata hivyo niliipima yote, kwa sababu kila mtu anastahili kipimo kamili. Riale ya Maria Theresa hutakiwa kuwa na gramu 28.07, fedha sehemu 833 kwa 1,000, yaani gramu 23.39 za fedha safi. Yake ilisoma 27.94, uchakavu wa kawaida. Sumaku haikuishika. Nikaifunga uzi nikaizamisha majini: iliyo halali hupungua kama gramu 2.75 ikiwa ndani ya maji, na yake ilipungua hivyo hivyo. Nikamzungushia ukingo aone maneno ya Kilatini IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaani haki na huruma, yamesimama vizuri. Nikatazama nywele juu ya sikio, bizimu begani, na upande wa pili kifua cha tai mwenye vichwa viwili, maana hapo ndipo palipoinuka na ndipo panapolika kwanza. Mwisho manyoya ya mkia wa tai na ule msalaba mdogo baada ya mwaka, vinavyosaidia kujua ilipigwa kiwanda gani.

Ilikuwa fedha halali, lakini haikuwa ya 1780.

Hapo ndipo mchana wangu ulipoanza kurefuka. Nilimweleza kwamba malkia huyo wa Austria alifariki Novemba 1780, na kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi na pwani yetu walizoea sura yake na hawakutaka nyingine, viwanda viliendelea kupiga riale zenye mwaka ule ule. Vienna inazipiga mpaka leo. Mwaka 1935 Mussolini, mtawala wa Italia, alipata ruhusa ya kuzipiga Roma kwa ajili ya vita vyake vya Uhabeshi. Waingereza wakaanza London mwaka 1936, baadaye Bombay. Zilinunua karafuu na pembe, na ziliwanunua watu pia, jambo ambalo simfichi mteja anayeniuliza zilifikaje hapa. Oman zilitumika hadi 1970. Kwa hiyo tarehe iliyoandikwa juu ya sarafu haikuambii umri wake.

"Kwa hiyo serikali yao nzima inaandika uongo?" akauliza.

Nikasema walichoandika ni chapa ambayo wanunuzi waliiamini. Akanitazama kwa muda. Akampigia mpwa wake, akamweka kwenye spika. Mpwa akataka nipime tena mbele ya kamera. Nikapima tena. Akataka nizamishe tena. Umeme ukakatika. Nikaibeba mizani na sarafu hadi mlangoni kwenye mwanga wa jua, wapita njia wakaanza kusimama, na kila mmoja ana jamaa aliyeuza yake kwa mamilioni. Adhana ya adhuhuri ikatukuta pale pale. Akaenda kuswali, nikadhani yamekwisha, akarudi.

"Dada, nyinyi wanunuzi mnasema hivi ili mnunue rahisi."

Neno hilo huniuma kila ninapolisikia. Nilimwonyesha karatasi ya ukutani. Nikazidisha mbele yake gramu zake za fedha safi kwa bei ya siku, nikamwambia thamani ni hiyo, na mimi nitampa pungufu kidogo kwa sababu nami nauza. Ingekuwa mojawapo ya zile za mwanzo kabisa, zilizopigwa Günzburg, mji ulioko Ujerumani ya leo, na uso wake haujasuguliwa, ningemwambia aondoke asiniuzie mimi, aipeleke kwenye mnada. Ndivyo ninavyofanya. Akaikunja kwenye kitambaa akaenda kujaribu maduka mengine.

Alirudi sijui saa tisa, sijui saa tisa na nusu. Nilikuwa bado sijala, wali uko pembeni umepoa. Mahali pa kwanza walimpa nusu ya bei yangu, pa pili walitaka kuibadilisha kwa saa ya mkono. Safari hii alikaa kimya kwanza, ndipo akaniambia la moyoni: ameshatoa ahadi ya kununua kiwanja Fuoni kwa kutegemea riale hiyo, na mwenye kiwanja anamsubiri Ijumaa. Nilichoka ghafla. Wanaotengeneza video zile hawatamwona huyu baba akikaa kwenye kiti changu. Hawasemi kwamba sarafu moja kati ya nyingi ndiyo iliyouzwa ghali, wala hawaonyeshi uso wake uko katika hali gani. Nilimpa bei ile ile ya mwanzo, sikushusha hata shilingi ingawa nilijua ameshashindwa kwingine. Nikamshauri asiuze kwa haraka, aende kwanza akazungumze na mwenye kiwanja. Aliondoka nayo. Alinishukuru, kwa sauti ndogo, lakini alinishukuru.

Kuanzia hapo saa zikachanganyika. Nilikula. Kijana akaleta mfuko wa "riale" za kuwauzia watalii. Ya kwanza tu niliyoizamisha ilipungua kupita kiasi, ikiwa nyepesi kwa ukubwa wake, na herufi za ukingo zilikuwa zimefifia kama zilizomiminwa kwenye kalibu. Shaba iliyochovywa. Nikamwambia aziuze kama mapambo, kwa jina hilo. Bwana mwingine akanong'ona ana riale ya Sayyid Barghash ya mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Hiyo ndiyo sarafu inayoweza kunikosesha usingizi: fedha yenye maandishi ya Kiarabu pande zote mbili, iliyopigwa Ubelgiji, na hazikubaki nyingi. Akasema ataileta siku nyingine. Mtu mwingine akaja na vifedha vidogo vyembamba, anasema vimetoka ardhini Pemba. Hivyo sivigusi, na nilimwambia sababu. Sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zilifukuliwa Mtambwe Mkuu mwaka 1984, na sasa tunajua watawala wetu walikuwa wakipiga sarafu zao karne ya kumi na moja. Tulijua kwa sababu waliozikuta walikuwa wataalamu, wakaandika kila moja ilikuwa wapi. Nilimtaka avipeleke idara ya mambo ya kale kama vilivyo, pamoja na udongo wake.

Baada ya magharibi nilikaa nyumbani na simu. Binamu yangu aliye Marekani alikuwa amenunua dola tatu za fedha kwenye soko la vitu vikuukuu, aina iitwayo Morgan. Mbili za 1921, moja ya 1881. Wenzetu huko wana namba ya kila hali ya sarafu, kuanzia 1 hadi 70, kipimo alichokianzisha William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba. Wanunuzi wangu wa nje nao hunitaka niseme kwa namba hizo, kwa hiyo nimejifunza. Nilimwambia atazame nyuma ya sarafu, chini ya fundo la shada, juu ya herufi DO za neno DOLLAR. Ile ya 1881 ilikuwa na S, ya San Francisco, ambazo ni nyingi na mara nyingi zimepigwa vizuri. Za 1921 hazikuwa na herufi, yaani za Philadelphia, zilizopigwa zaidi ya milioni 44. Zote gramu 26.73, fedha 900 kwa 1,000. Kwenye picha, nywele za mwanamke aliyechorwa, juu ya sikio, zilikuwa zimelainika katika mbili, ya San Francisco zilionekana uzi kwa uzi.

Akauliza kama ile ya San Francisco aisugue kidogo, maana ina wekundu ukingoni.

Nilimpigia simu papo hapo, ingawa macho yalikuwa yanafumba yenyewe. Nilimweleza kwamba wekundu ule ni rangi ambayo fedha hujipatia kwa miaka mingi, na wapo wanaoongeza bei kwa ajili yake. Aishike ukingoni tu, aitie kwenye kifuko kisicho na dawa za kulainishia plastiki, aipeleke kwa mpimaji wa huko akaitazame kwa macho. Akaahidi kwenda Jumamosi. Nikaandika mahesabu ya siku: sikununua riale hata moja, na kesho bi mkubwa anarudi kuchukua nakala ya pili ya karatasi yake, kwa ajili ya mwanawe aliye Dubai.