Zamu ya usiku

"Baba, ukiwasha pampu, maji ya kwa jirani yanaenda wapi?"

Mwanangu ana miaka saba. Aliniuliza juzi usiku, kasimama mlangoni na nguo zake za kulalia. Mabomba yalikuwa yameanza kukoroma, ile hewa inayotangulia maji siku ya mgao, sauti ambayo hapa kwetu Kimara, Dar es Salaam, mtu huisikia hata akiwa usingizini. Pampu niliinunua mwaka 2022, wakati Mto Ruvu umepungua na mtaa mzima unahangaika na madumu. Nikamwambia akalale. Akaenda kulala. Mimi usingizi ulinipaa, maana swali lake nililiona likijibiwa zamani, Kilema, huko Kilimanjaro, Septemba moja nikiwa na miaka kumi.

Babu alikuwa na zamu ya mfereji mara moja kwa wiki, na wiki hiyo ilimwangukia usiku. Kiangazi kilikuwa kimebana. Migomba imekunja majani, magimbi yamelala chini. Aliniamsha kwa kunigusa mguu. Nikabeba tochi, yeye jembe, tukashika njia ya kupanda, tukikatiza kwenye vihamba vya watu, yale mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba. Kote kulinuka maganda ya kahawa yaliyokobolewa jana yake, uchachu mtamu ambao hadi leo nikiupata popote nasimama. Perere, pimbi wa mitini, alikuwa akilia juu ya mti wa mringaringa kama mtu anayekabwa koo.

Mfereji ulikuwa mkavu. Saa ya zamu yetu, na mfereji mkavu.

Mifereji ile ilichimbwa na wazee kabla Mzungu wa kwanza hajauona mlima. Inachukua maji mtoni huko juu na kuyatembeza ubavuni mwa vilima, mteremko mdogo kiasi kwamba kuna mahali ukitazama utaapa maji yanapanda. Kila mfereji una wenyewe na una mzee wake. Usipotokea kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kuuzibua, unalipa faini, na kabla hujalipa, maji yanapita kwako bila kusimama. Sisemi watu walikuwa malaika. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakishikiana majembe kwa ajili ya maji.

Kwa hiyo nilijua kabla hatujafika: mtu ametuibia. Moyo ulikuwa ukinidunda kwa hamu ya kuona babu atakavyomfanya.

Tulimkuta. Mama mmoja ambaye mumewe alifariki masika ya mwaka ule. Alikuwa amebomoa ukingo na kuyageuzia maji kihambani kwake, kasimama ndani yake hadi vifundoni, kanga kaikaza kiunoni, mtoto mgongoni kalala, kibatari juu ya jiwe. Alipoona tochi hakukimbia. Aliliweka jembe chini taratibu, akatazama pembeni.

Babu alikuwa na sauti iliyokuwa ikivuka korongo. Nikaisubiri. Badala yake alinyoosha mkono, akaichukua tochi yangu, akaizima.

"Malizia, mama," akasema.

Akakaa ukingoni, akatoa kikopo chake cha ugoro. Nami nikakaa, nimenuna, meno yakigongana kwa baridi. Giza lilipozoeleka machoni nikaanza kuyaona maji yakiingia shina moja baada ya jingine, na kuyasikia pia: udongo mkavu ukinywa hutoa mlio mdogo, kama wa mate mdomoni. Hakuna aliyezungumza. Sijui tulikaa saa ngapi. Jogoo wa kwanza aliwika tukiwa pale, nami nilikuwa nikihesabu migomba yetu ambayo haitapata.

Hatimaye yule mama mwenyewe alikata mgomba uliokwisha kuvunwa, wakauziba ukingo pamoja na babu kwa magogo yake na udongo. "Aika, mbe," alisema, akishukuru kwa Kichaga. Basi.

Maji yakarudi mferejini, nasi tukashuka nayo. Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Maji yanayoingia kwenye mfereji mkavu yana kichwa. Kinakuja mbele kikisukuma majani makavu, vijiti, povu la rangi ya chai. Kinafika kwenye ufa, kinasita, kinazama chote, unafikiri ndio mwisho. Kisha kinajaa, kinainuka, kinaendelea. Nilikuwa nikikimbia pembeni yake na tochi, natangulia, nangoja, kinanikuta. Nilisahau kununa. Nilikuwa nakiita, kama mtu anavyomwita mbuzi, na babu nyuma yangu akicheka kwa sauti ile kubwa niliyokuwa nimeingoja. Tulipofika kwetu mbingu ilikuwa inaanza kupauka. Tulinywesha robo ya kihamba, zamu ikaisha.

Kulipokucha yule mama alikuja na jani la isale. Babu alilipokea kwa mikono miwili. Isale ikiletwa, kwetu, jambo limekwisha, na nyumbani halikutajwa tena.

Leo kihamba kile kimegawanywa vipande vitatu, na sehemu ya mfereji iliyopita kwetu imeota majani. Nilipokwenda Desemba nilitaka kumwonyesha mwanangu kilipopita kile kichwa cha maji, nikapoteza njia.

Jirani yangu wa hapa Kimara namjua kwa gari lake. Ukuta wake na wangu ni mmoja, una vipande vya chupa juu, na jina lake sijawahi kuliuliza kwa miaka sita. Nikiwasha pampu, bomba lake linakata. Hilo nimelijua siku nyingi, maana kabla sijanunua yangu, ya kwake ilikuwa ikilikata langu.

Jana nilipita kwa wauza miche wa barabarani. Isale zimepangwa pale kwenye viriba, wanaziuza kama maua ya kupamba. Nilinunua moja. Nimeiweka pembeni ya tangi.

Usiku mabomba yalikoroma tena. Sikuwasha. Nilikaa kwenye ngazi, nikasikiliza ng'ambo ya ukuta, nikitafuta sauti ya maji kuingia kwenye ndoo au ya mtu kuburuta dumu. Kulikuwa na muziki wa baa, mbwa, lori likipanda mlima. Nikangoja. Saa saba nikaiwasha.