Dima ya Taa kwenye Feni ya Baba

Juzi binti yangu aliniuliza kwa nini swichi ya kasi ya feni (regyuleta) na ile ya kupunguza mwanga wa taa (dima), ambazo zote huzungushwa na zinafanana kwa umbo, haziwezi kubadilishana nafasi. Nilimjibu kwa kifupi, lakini mawazo yalikuwa yamekwisha kunipeleka kwenye sebule ya Chumbageni, Tanga, wakati regyuleta ya feni ilipokufa na Baba, asiyekuwa na subira ya kungojea fundi, akafunga mahali pake dima aliyoing'oa chumba cha wageni.

Feni ilizunguka, na Baba akatembea kifua mbele mpaka Ijumaa, Mjomba alipokuja kula chakula cha mchana. Mjomba alikuwa fundi umeme wa siku nyingi. Kabla hajamaliza kunawa mikono alitega sikio, kwa maana feni ilikuwa ikivuma kama nyuki ndani ya debe, kisha akaifuata dima ukutani na kuigusa kwa mgongo wa kidole.

"Shemeji," alisema kwa upole ulionitia hofu kuliko ukali, "hii kaifunga nani?"

Baba alijitia kutafuta chumvi. Mjomba alikwenda kuzima meni swichi, kwa kuwa kuizima dima peke yake hakuondoi umeme kwenye waya unaoingia ndani yake, akahakikisha kwa testa, ndipo akalegeza skrubu. Plastiki ya nyuma ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya rangi, na ganda la waya lilikuwa limekauka kiasi kwamba alipolikunja lilimomonyoka vipande vipande kiganjani mwake. Alituonyesha sote, mmoja mmoja, bila kusema neno.

Maelezo yalikuja baada ya pilau. Dima hukata sehemu ya kila nusu ya wimbi la umeme, mara 100 kwa sekunde katika umeme wetu wa hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde. Balbu ya zamani haijali, maana uzi wake unahitaji kupata moto tu, ila mota ikilishwa umeme wa vipandevipande hunguruma, hupata joto na kuitesa swichi ambayo haikutengenezwa kwa mzigo huo.

Regyuleta ilinunuliwa jioni ileile. Dima iliyoungua Mjomba aliondoka nayo mfukoni, nadhani kwa sababu alimjua vizuri shemeji yake. Kama Baba alielewa au aliona haya tu, sijui hadi leo, kwa kuwa miaka mingi baadaye alifunga dima mpya juu ya balbu za LED zilizoandikwa wazi kwenye boksi kwamba hazipunguzwi mwanga, na zilipoanza kupepesa alimlaumu mwenye duka.