Msiba wa Doa

Asubuhi ya Jumatano moja ya Oktoba 2011 nilimkuta Kunde amekufa kando ya mafiga, katika jiko la bibi yangu nje kidogo ya mji wa Iringa, na Doa akiwa amejilaza ubavuni mwake kama walivyozoea kulala kila usiku. Kwetu simbilisi, vinyama vidogo vya jamii ya panya, hufugwa jikoni, ambako joto la moto huwakinga na baridi, na wengi wao huishia chunguni. Lakini majike hao wawili nilipewa na mjomba nilipokuwa kidato cha pili, na bibi alikuwa amekubali, kwa kunung'unika kidogo, kwamba hawataliwa.

Kuanzia siku hiyo Doa alijikunja nyuma ya kuni na hakupiga tena ule mluzi wake niliporudi kutoka shule. Majani niliyomwekea asubuhi niliyakuta jioni kama nilivyoyaacha. Bibi alisema, “Mwache, mjukuu wangu. Amefiwa, na mfiwa hashiki tonge.” Nilimwamini, na hata leo sidhani kwamba alikosea kabisa, kwa sababu simbilisi ni wanyama wa kundi, nao hupooza wakibaki peke yao, na ndiyo maana nchini Uswisi kanuni za mwaka 2008 za ulinzi wa wanyama zinataka wafugwe wawili au zaidi. Kosa langu lilikuwa kuuacha msiba ujibu kila swali.

Lililonizindua ni daftari. Kila Jumamosi nilikuwa na mchezo wa kuwapima kwa mizani ya mawe ya jirani aliyeuza sukari, kisha nikaandika uzito wao nyuma ya daftari la hesabu. Jumamosi iliyoutangulia msiba Doa alikuwa na gramu 900. Jumamosi iliyoufuata alikuwa na gramu 750, na jirani, aliyekuwa akicheka na kuniuliza kama nimeanza biashara ya nyama, aliacha kucheka aliponiona nikiyahesabu mawe mara ya pili.

Nilimpeleka mlangoni penye mwanga. Manyoya yake yalikuwa yamesimama na kufifia, kinyesi kilichokuwa kikubwa kama punje za maharage kilikuwa kimepungua na kuwa kidogo kama punje za mchele, naye hakutembea bali alirukaruka kwa shida, akiiburuta miguu ya nyuma. Nilipomgusa goti la kushoto alipiga ukelele ambao sijausahau. Magoti yote mawili yalikuwa yamevimba, na sikuwahi kusikia huzuni ikivimbisha magoti ya kiumbe yeyote.

Katika duka la dawa za mifugo muuzaji alinitolea chupa ya penisilini kabla sijamaliza kueleza. Bahati yangu ni kwamba bwana mifugo alikuwa amesimama pale pale akinunua dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nilimwamkia, naye akaitikia huku akiisogeza ile chupa kando, akasema, “Hiyo mwanangu utamwua nayo.” Alinieleza kwamba dawa za jamii hiyo huwaua vijidudu vyema vya tumboni mwa simbilisi, vile vibaya vikatawala, na mnyama akaharisha hadi kufa. Kisha alimfungua Doa mdomo kwa kidole gumba, akatazama kama meno ya mbele hayajarefuka kupita kiasi, akanionyesha ufizi uliokuwa ukivuja damu.

“Mnawalisha nini?” aliuliza.

Nilijibu kwamba tangu mvua zikatike tulikuwa tukiwapa pumba na nyasi kavu. Alitikisa kichwa. Kilikuwa kiseyeye, alisema, kwa maana simbilisi, kama binadamu na tofauti na sungura, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini, hivyo asipoipata katika majani mabichi, viungo na fizi huharibika. Nilimwuliza kama Kunde naye aliugua hivyo hivyo. Alisema hawezi kuapa juu ya aliyekwisha kuzikwa.

Dawa ilikuwa nusu ya kidonge cha binadamu cha vitamini C cha miligramu 100 kila siku, kilichosagwa na kutiwa maji wakati ule ule wa kunyweshwa, kwa sababu kikikaa majini huisha nguvu. Kazi kubwa ilikuwa kumlisha. Tumbo la simbilisi halipaswi kusimama hata siku moja, kwa hiyo nilitwanga majani mabichi pamoja na chakula cha sungura, nikachuja, nikamnywesha ule uji kwa bomba lisilo na sindano, nikiliingiza pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, tone kwa tone ili asipaliwe. Nilifanya hivyo kila baada ya saa tatu, usiku na mchana. Usiku wa pili alitema karibu chote kwenye shati langu la shule, nami nikalia, na bibi akalichukua bomba bila kusema neno na kuendelea yeye.

Siku ya nne kinyesi kilianza kurudi katika ukubwa wake. Baada ya wiki moja alitembea, na Jumamosi iliyofuata mizani ilisoma gramu 850. Hapo ndipo nilipomwomba mjomba jike jingine dogo la kumliwaza. Lilikuwa bado halijafika, jioni ile bibi alipokuwa akikatia pilipili hoho mbogani, na kutoka nyuma ya kuni ukapigwa mluzi mrefu, mkali, wa kudai. Bibi alikata kipande kinene, akamrushia, akasema hajapata kuona mfiwa mwenye kelele namna ile.